Ufafanuzi kwa wanaoomba kutafiti vinyago vya Zama za Kati

Yamekuwapo malalamiko kwamba dawati letu la watafiti linarudisha maombi ya kutafiti historia ya uvaaji wa vinyago katika Zama za Kati, yaani takriban karne ya 5 hadi ya 15, bila kutoa sababu. Sababu hutolewa, huandikwa chini ya fomu, ila wengi hawafiki huko chini. Tunaamini waombaji wana nia njema, hivyo tumeona tuzieleze hadharani.

Inayoongoza ni picha ya tabibu wa tauni, yule mwenye joho jeusi na mdomo mrefu wa ndege. Takriban kila andiko linaloletwa hapa limeibeba jaladani. Tauni kuu iliifagia Ulaya kati ya 1347 na 1351. Vazi lile hunasibishwa na Charles de Lorme, tabibu wa mfalme wa Ufaransa, mnamo 1619, na mchoro unaozagaa mitandaoni ni wa Paul Fürst, 1656. Hapo katikati kuna karibu miaka 300. Kisanduku cha "kipindi" kwenye fomu hakikuwekwa kwa ajili ya urembo.

Anayeutaka mdomo wa ndege wa wakati ule kwelikweli aende Mali. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika huko kwa mfalme, Mansa Sulayman, mwaka 1352, akaona siku ya sikukuu washairi wakiingia mbele ya mfalme wakiwa ndani ya mavazi ya manyoya, kila mmoja na kichwa cha ndege cha mbao chenye mdomo mwekundu. Walimkumbusha mfalme kuwa kiti kile walikikalia wengine waliotenda mema, naye atende mema ili atajwe baada yake. Msafiri mwenyewe aliona ni kichekesho, lakini aliandika kuwa desturi hiyo ilikuwapo kabla ya Uislamu. Shahidi aliyeona kwa macho, mahali panapojulikana, mwaka unaojulikana: huo ndio ushahidi. Huyohuyo alipita Kilwa mwaka 1331 akausifu ukarimu wa sultani, na kinyago hakukitaja. Asiandike mtu kwamba "Ibn Battuta alishuhudia vinyago pwani yetu". Tumeshaisoma sentensi hiyo mara nyingi mno.

Kwa Ulaya, vinyago vyenyewe vimesalia vichache, kwa kuwa ngozi, nguo na mbao huoza. Vipo vya ngozi vilivyofukuliwa Novgorod, Urusi, na vya nguo vyenye sura ya mnyama vilivyotoka kwenye matope ya bandari ya Haithabu, mji wa kale wa Waviking kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Vingine vyote tunavifuata kupitia makatazo. Venice mwaka 1268 ilipiga marufuku watu waliojifunika nyuso kuwatupia wengine mayai. Papa Innocent wa Tatu alilalamikia mwaka 1207 michezo ya vinyago ndani ya makanisa. Sasa, katazo hutuambia jambo lilifanyika mpaka likawakera wakubwa. Kinyago kilifananaje halituambii. Sura zake zitafutwe kwenye pambizo za miswada, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, kwa mfano ule unaohifadhiwa Oxford uliochorwa kati ya 1338 na 1344, wenye watu waliovaa vichwa vya wanyama. Ama mafundi, watengenezaji wa vinyago wa Venice walipata kanuni zao za kazi mwaka 1436.

Utaratibu wetu ni huu. Mwombaji alete barua ya utambulisho ya chuo au taasisi yake, yenye mhuri na tarehe. Nakala ya kitambulisho. Na fomu iliyojazwa kwa mkono wake, si wa rafiki. Kila kitu anachotaka kukiona akiandikie namba ya ingizo, yaani ile kilichopewa kilipopokelewa kwenye hifadhi, na kila picha aieleze ilikotoka: mswada upi, unahifadhiwa wapi, ukurasa wa ngapi. "Google" si mahali pa kuhifadhia mswada. Kwenye chumba cha watafiti huingizwa penseli na karatasi tu. Atakayekutwa na kalamu ya wino huonywa mara ya kwanza, kwa maandishi. Mara ya pili kadi yake husimamishwa. Mara ya tatu chuo chake huarifiwa. Taa ya kamera ina adhabu hiyohiyo, na kusema "nilisahau kuizima" hakuipunguzi.

Mapiko, yaani vinyago vya ngoma vya Wamakonde, tuliyonayo si ya Zama za Kati, hata fundi aliyekuuzia lako akiapa. Mengi yaliyomo kwenye makumbusho duniani ni ya mwisho wa karne ya 19 na ya karne ya 20. Hata hivyo, vitu vya kale vya kiutamaduni havitolewi nchini bila kibali, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hili si la kufanyia mzaha: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilirejeshwa kutoka Geneva mwaka 2010.

Aliyerudishiwa ombi arekebishe tarehe na chanzo, abandike fomu ya awali nyuma ya ile mpya, alete tena palepale dirishani. Barua ya utambulisho haihitaji kuandikwa upya iwapo haijapitisha miezi sita.