"Barbecue" haikutokana na ndevu za mbuzi

Wapo wanaoapa kwamba neno la Kiingereza barbecue (karamu ya nyama choma) limetoka kwa Wafaransa: barbe à queue, yaani "toka ndevu hadi mkia", eti kwa kuwa mnyama alichomwa mzima. Hadithi tamu, ila ni ya kubuni. Asili yake ni Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Wahispania walilichukua kama barbacoa: chanja ya vijiti iliyoinuliwa juu ya nguzo, nyama ikabanikwa hapo kwa moto na moshi. Wala haikuwa ya nyama tu. Mwaka 1697 baharia Mwingereza William Dampier alisimulia yeye na wenzake walivyolala usiku kucha juu ya chanja hizo, futi 3 hivi kutoka ardhini. Kulala juu ya barbecue! Maana ya karamu ilizuka baadaye, Marekani.