Benki hukopesha akiba ya nani?

Mihadhara yangu ya uchumi mpana huanza na swali moja: benki inapomkopesha mfanyabiashara wa Kariakoo shilingi milioni 10, fedha hizo zimetoka wapi? Karibu kila mwanafunzi hujibu kuwa zimetoka katika amana za wateja wengine. Ndivyo vinavyosema vitabu vingi vya kiada: Benki Kuu hutoa fedha za msingi (noti, sarafu na salio za mabenki zilizoko kwake), benki za biashara hubakiza sehemu na kukopesha zinazosalia, nazo huzaana kwa kiwango kinachokadirika.

Wachumi Nicholas Kaldor, Basil Moore na wengine walio nje ya mkondo mkuu wa uchumi waliukataa mpangilio huo kwa miaka mingi. Kwao mkopo ndio unaotangulia: ukishaidhinishwa, benki huandika deni upande mmoja wa leja na amana upande wa pili, na akiba inayotakiwa kisheria, yaani fedha ambazo benki lazima iweke Benki Kuu, hutafutwa baadaye, katika soko la fedha baina ya mabenki au kwa Benki Kuu yenyewe. Kinachoibana benki ni mtaji wake, bei ya ukwasi (fedha zinazopatikana mara moja) na uhaba wa wakopaji wa kuaminika. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilichapisha maelezo yayo hayo katika jarida lake, tena waziwazi kuliko vitabu ninavyolazimika kufundishia.

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kulenga wingi wa fedha ikaanza kuongoza kwa riba, kwanza asilimia 5.5, kisha asilimia 6 kuanzia Aprili. Sidai kwamba ilimfuata Kaldor; mkondo mkuu nao ulikwisha kuhamia kwenye riba zamani, baada ya uhusiano wa wingi wa fedha na bei kuyumba. Hata hivyo, wanaokubaliana juu ya leja bado wanagombana juu ya sera. Mkondo mkuu hushikilia kuwa riba ikipanda, mahitaji hupungua na bei hutulia. Wapinzani huuliza: ikiwa bei imepandishwa na mafuta yanayoshushwa bandarini au na mvua zilizochelewa, riba itazuia nini, zaidi ya kumwongezea gharama yule mfanyabiashara, ambaye ataihamishia kwa mnunuzi? Naiona hoja hiyo kuwa nzito hapa kwetu, ambako wengi hawakopi benki kabisa. Hupungua uzito shilingi inaposhuka, kwa sababu riba hugusa pia thamani yake dhidi ya dola, na mafuta yale yale hulipiwa kwa dola.