Hiari ya dola katika uhuru wa dini ni nini?

Mwanamke aliyevaa buibui na nikabu akipita Usita wa Mui hapa Amu, akajibana ukutani kumpisha punda aliyebeba mchanga, hakuna anayemuuliza kwa nini amefunika uso. Akipita hivyo hivyo barabarani Paris anaweza kutozwa faini, kwa kuwa sheria ya Ufaransa ya mwaka 2010 inakataza kufunika uso hadharani, ingawa Ufaransa, kama Kenya, imefungwa na ibara ya 18 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayolinda uhuru wa dini.

Hiari ya dola ni nafasi ambayo chombo cha kimataifa huiachia serikali ijiamulie namna ya kuiwekea haki mipaka, kwa hoja kwamba serikali inazijua hali za watu wake kuliko majaji walio mbali. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ndiyo iliyoikuza dhana hii, hasa tangu kesi ya Handyside dhidi ya Uingereza ya mwaka 1976. Mwaka 2014, ilipoletewa sheria hiyo ya kufunika uso, mahakama hiyo haikuridhika na hoja za Ufaransa kuhusu usalama na usawa wa jinsia, lakini ikaipa nafasi pana kwa hoja ya kuishi pamoja, yaani kwamba watu waonane uso wanapokutana hadharani. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia Mkataba huo wa Haki za Kiraia na Kisiasa, iliipima sheria ile ile na kuona kwamba ibara ya 18 imekiukwa. Naona Kamati ilipima sawa, maana "kuishi pamoja" ni neno pana mno kumvua mtu vazi la ibada yake.

Chini ya ibara hiyo ya 18, imani ya moyoni haiguswi kabisa. Kinachoweza kuwekewa mipaka ni kuidhihirisha, tena kwa sheria, na pale tu inapolazimu kulinda usalama wa umma, utulivu, afya, maadili au haki za msingi za wengine. Usalama wa taifa haumo katika orodha hiyo, na Kamati ililisema hilo wazi mwaka 1993; sisi wa Lamu, tulioishi chini ya kafyu, tunastahili kulijua.

Shakahola, bara ya Malindi, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwa jina la dini wafunge hadi wafe, ni jambo jingine. Palikuwa na watoto mle, na uhai wao serikali iliwajibika kuulinda; hapo hapakuwa na hiari ya kunyamaza.