Ushirikishwaji wa umma si kura, wala si tangazo

Waziri anasema umma ulishirikishwa. Mwenzangu wa darasani anasema hatukushirikishwa. Wanazungumzia kikao kilekile, mswada uleule, na kila mmoja ana hakika kabisa. Majibizano haya nimeyasikia kwenye runinga, kwenye matatu na kwenye foleni ya kantini hadi yamenichosha, na kinachonichosha si kwamba mmoja anadanganya. Ni kwamba wote wawili wanalitumia neno vibaya, kila mmoja kwa namna inayomfaa.

Maana yenyewe haina ugumu. Ushirikishwaji wa umma ni wajibu wa chombo cha dola kuwapa wananchi nafasi ya kweli ya kusema juu ya uamuzi utakaowagusa, kabla uamuzi haujafanywa, wakiwa na habari za kutosha kusema jambo la maana. Kwa Kenya umo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinautaja miongoni mwa maadili ya taifa, cha 118 kinalibana Bunge, cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti, na cha 201 kinaurudia palipo na fedha za umma. Basi. Shida iko kwenye mambo ambayo si ushirikishwaji na bado yanaitwa hivyo.

Nianze na kosa letu sisi raia. Ndilo linaloniudhi zaidi, labda kwa sababu nalisikia kwa watu ninaokubaliana nao karibu kwa kila kitu. Hoja huwa hivi: watu wengi walipinga, mswada ukapita, kwa hiyo umma haukushirikishwa. Hiyo "kwa hiyo" haina miguu. Kamati ikikusikiliza kisha ikaamua kinyume na ulivyotaka, huenda umeshindwa kwa hoja, huenda umepuuzwa, huenda mbunge wako amekuuza. Hayo ni malalamiko matatu, kila moja na uzito wake, na hakuna hata moja linaloitwa kutoshirikishwa.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi uliotutoa mabwenini kwenda kuandamana. Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ilipokea maoni ya mdomo na ya maandishi. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate imeondolewa, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 nayo imeondolewa. Kodi hizo hazikujiondoa. Memoranda, yaani maoni ya maandishi, zilizopelekwa kwa kamati na vijana waliojaa katikati ya Nairobi siku hiyohiyo vilisukuma kwa pamoja. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha mswada, 106 wakaupinga, waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi na kufa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi.

Sasa niulize: waliokuwa barabarani tarehe 25 walikuwa wakidai kikao kingine cha kutoa maoni? Hapana. Maoni walishayatoa. Walikuwa wakikataa, na kukataa ni haki nyingine kabisa. Ina vifungu vyake: cha 37 kinachoruhusu kuandamana kwa amani, cha 119 cha kupeleka ombi Bungeni, cha 104 cha kumwita mbunge nyumbani kabla ya muda wake, na kile cha kwanza kabisa kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi. Ukiyaingiza yote hayo chini ya jina la ushirikishwaji, unayapunguzia nguvu. Serikali itakujibu kwa kukuonyesha orodha ya mahudhurio, na mjadala utaishia hapo.

Kiswahili nacho kimetuponza kidogo. Tuna "kura ya maoni", ambayo ni kura hasa: ikihesabiwa imeamua, kama Agosti 2010 tulipoipitisha Katiba yenyewe. Halafu tuna "kutoa maoni" kwenye kamati, ambako hakuna kinachohesabiwa wala kinachoamuliwa na wingi. Neno ni moja, na mtu aliyetoka kutoa maoni ni rahisi aone kama amepiga kura.

Afrika Kusini walishayapitia haya, na mahakama zetu huazima sana kutoka kwao. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya huko ilibatilisha sheria mbili za afya, mojawapo ikihusu waganga wa kienyeji, kwa sababu baraza la majimbo halikuwapa wananchi nafasi ya kusikilizwa kama ilivyotakiwa. Wanaharakati wa huku wanaipenda sana kesi hiyo. Wachache huitaja ile iliyofuata mwaka 2008, ya manispaa ya Merafong, magharibi mwa Johannesburg. Serikali ilitaka kuihamisha manispaa hiyo kutoka jimbo la Gauteng kwenda North West. Wakazi, hasa wa mtaa wa Khutsong, waliulizwa, wakasema hawataki. Bunge la jimbo la Gauteng kwanza likawa upande wao, kisha likageuka na kuunga mkono uhamisho. Wakaenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa, na majaji walio wengi wakawaambia kwamba walishirikishwa. Wajibu wa bunge ni kusikiliza kwa nia ya kuweza kubadili mawazo. Kufuata walichosema si sehemu ya wajibu huo.

Hukumu hiyo inauma ukiisoma, nakubali. Lakini tazama ilivyoishia. Watu wa Khutsong walikuwa wameandamana na kuususia uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2006. Mwaka 2009 Katiba ikarekebishwa na Merafong ikarudishwa Gauteng. Walichokosa kwa njia ya ushirikishwaji wakakipata kwa siasa, maana tangu mwanzo shida yao ilikuwa ya siasa.

Upande wa waziri nao una kosa lake, na kwangu mimi ni kubwa kuliko letu kwa sababu linafanywa na watu wanaolipwa kuijua tofauti. Wao huuchukua mkutano kuwa ndio ushirikishwaji. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti moja, katika ukumbi wa wadi. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Rasimu yenyewe, kitabu kinene cha Kiingereza, ilikuwa nakala moja tu, na ilikuwa mbele ya afisa. Mama mmoja muuza samaki akasimama akauliza ada ya meza sokoni itapanda kwa kiasi gani. Akajibiwa, "Mama, hilo limo kwenye jedwali." Jedwali lipi, ukurasa gani, hakuambiwa. Akakaa. Kijana mmoja akauliza kuhusu barabara, akaambiwa leo si siku ya barabara. Karatasi ikapita mara ya pili, safari hii kwa ajili ya nauli, na hapo ndipo watu walipochangamka. Sina shaka ripoti ya kikao kile inasema maoni ya wakazi yalipokelewa. Yule mama yumo, kwa jina na sahihi.

Mahakama zililikataa hili zamani. Mwaka 2014 Jaji Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, na katika hukumu hiyo kuna sehemu ambayo laiti ingebandikwa kwenye kila ofisi ya kaunti. Alisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na usiwe wa kutimiza desturi, na kwamba haitoshi kutuma twiti kisha ukawaachia wenye haja waitafute. Akataja mahali pa kuwafuata watu: makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za mama. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ikaweka vigezo vyenyewe: mada ieleweke, utaratibu ujulikane, watu wawe na uwezo wa kushiriki, kila upande upate nafasi ya kuwa na ushawishi, na anayesikiliza awe anasikiliza kweli. Idadi ya viti vilivyokaliwa si kigezo.

Halafu kuna suala la lini. Ukinieleza uamuzi ukiwa umeshaufanya, umenijulisha. Ukiniletea watu wa kunifundisha faida zake, umenihamasisha. Hayo yote yana kazi yake na hata kodi zetu zinaweza kuyalipia, lakini si ushirikishwaji hata yakifanyiwa ukumbini kwa kipaza sauti. Rejea BBI, ule mpango wa kuirekebisha Katiba. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilipata kwamba sehemu ya mswada ule iliyoongeza maeneobunge 70 haikupitia kwa umma, kwa kuwa iliingizwa baadaye, watu wakiwa wameshasema yao.

Kwetu wanafunzi mfano ulio karibu ni mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu. Ulizinduliwa Mei 2023, na waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wa 2022 wakawa wa kwanza kuingia. Wengi waliujua mfumo huo walipotakiwa kujaza fomu kwenye tovuti: mzazi anafanya kazi gani, nyumba ni ya namna gani, ndugu wangapi wako shuleni. Baadaye zikaja bendi, yaani ngazi za uwezo wa familia, ya 1 hadi ya 5, na mzazi aliyejikuta juu ya uwezo wake akaelezwa jinsi ya kukata rufaa. Maelezo yalikuwa mengi: maana ya kila bendi, kiasi cha mkopo, kiasi cha ufadhili, kiasi cha mzazi. Yote yalikuwa maelezo ya kitu kilichokwisha kuamuliwa. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo ulikwenda kinyume cha Katiba, na kukosekana kwa ushirikishwaji ni miongoni mwa sababu ilizotoa. Serikali ikakata rufaa. Hapa mwenzangu anaposema "hatukushirikishwa" analitumia neno sawasawa, nami niko naye.

Linabaki swali moja ambalo ndilo kiini cha ugomvi wote, nalo ni sababu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024. Majaji walitaja vifungu 18 vilivyoingizwa baada ya umma kutoa maoni, na pia wakasema Bunge lilipaswa kueleza kwa nini limekubali au kukataa mapendekezo ya watu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Ikasema Bunge halina haja ya kurudi kwa umma kwa kila rekebisho, na kwamba hakuna wajibu wa wazi wa kutoa sababu kwa maandishi.

La marekebisho nalielewa. Kama kila badiliko linalotokana na maoni litahitaji maoni mapya, mswada hautamalizika. La sababu limenishinda. Mimi si mwanasheria, na labda ndiyo maana naliona kwa wepesi: bila sababu nitajuaje kama memorandamu yangu ilisomwa ikashindwa kwa hoja, au ilifungiwa kabatini na bahasha yake? Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Yule wa Khutsong aliyeambiwa "ulisikilizwa" angalau alikuwa na jaji wa kumweleza. Muuza samaki hana. Nadhani ndiyo maana raia wa Kenya wakaja kulitumia neno vibaya. Mtu asiyejibiwa hawezi kutofautisha kukataliwa na kutosikika, basi anachagua neno linalomfungulia mlango wa mahakama. Miswada ya kuweka sheria moja ya ushirikishwaji kwa nchi nzima imeletwa Bungeni zaidi ya mara moja. Ningekuwa na nafasi ya kuongeza kifungu kimoja tu, kingekuwa cha kutaka safu mbili kwenye kila ripoti ya kamati: walisema nini, na sisi tumejibu nini.

Kwa hiyo Waziri, kwa heshima, ukiulizwa kama umma ulishirikishwa, usitutajie watu wangapi walikuja. Tuambie ni kipengele gani kilibadilika kwa sababu yao, na kile ambacho hakikubadilika tuambie kwa nini. Nawe mwenzangu, kabla hujasema hatukushirikishwa, angalia kwanza lililotupata ni lipi. Kama tangazo lilikuja mambo yakiwa yameisha, au kitabu kilikuwa kimoja na cha Kiingereza, hilo ni la mahakama, na neno lako ni sahihi. Kama tulisema, tukasikika, na wakapitisha hivyohivyo, basi hilo ni la mbunge wako. Jina lake liko kwenye orodha ya waliopiga kura ya ndiyo, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.