Shina mara bei si bajeti ya shada

Tena nimeletewa kile kikaratasi: "Waridi 50 × 1,000 = 50,000. Mashada tutafunga wenyewe." Jamani! Hiyo ni bei ya maua yakiwa dukani. Bibi harusi atashika maua ya Jumamosi saa kumi jioni, kwenye joto la Tanga.

Tufuate hesabu yenu hiyo hiyo. Shada la bibi harusi 20, wapambe watatu kumi kumi, jumla 50. Sawa. Ila mawaridi yanayotoka Arusha huuzwa kwa mafungu. Tuseme fungu lina 20: mawili na nusu hupewi, mtachukua matatu, 60. Mnashangilia kumi za ziada. Sasa yamepanda basi makavu, yamepita Moshi, Same na Segera, yakifika hapa mengine shingo zimelegea, mengine yamechubuka. Mimi hutoa moja katika kila tano. Kwenye 60 yatabaki 48, pungufu mawili, na hapo fungu la nne halikwepeki. 80,000, kabla ya majani, utepe, tepu ya kijani, pini na ndoo.

Hiyo moja kwa tano ni mazoea yangu tu. Julai kukiwa na ubaridi naweza nisipoteze kitu. Kaskazi ya Februari fungu zima huinamisha vichwa, na hata leo siwezi kukwambia kosa ni la basi au la aliyekata.

Kinachonikera zaidi ni ukubwa wa kichwa. Shina la bei rahisi mara nyingi ni fupi na ua lake ni dogo. Picha mnayonionyesha kwenye simu ina mawaridi yaliyofunguka mapana; ukilifunga shada lile kwa yaliyofumba, 20 hazifiki popote, utaona matundu. Kwa hiyo lazima yafunguke kwanza: kata mshazari, ng'oa majani yatakayozama, yanyweshe kivulini usiku kucha, mbali na ndizi zinazoiva, maana gesi yake huyazeesha. Ina maana yafike Alhamisi. Na Ijumaa nani atakaa na ndoo, wakati nyumba nzima iko kwenye singo, hina na kumenya vitunguu vya pilau? Mkono wake nao ni gharama, hata kama ni wa binamu.

"Basi tutaweka asumini, ziko uani kwa shangazi, bure." Asumini huchumwa alasiri zikiwa zimefumba, hufunguka usiku, kesho yake zimekuwa kahawia. Kwenye kikuba cha usiku, kile kifungu kidogo cha maua ya kunukia anachovaa mwanamke, hakuna kinachozishinda. Kwenye picha za mchana, hapana.

Kama fedha ni ile ile 50,000, msipunguze ubora wa ua, punguzeni mashada. Kila mpambe ashike waridi moja refu lenye utepe. Mnahitaji 23. Mafungu mawili ni 40,000, na hata yakifa manane mmebaki na 32. Elfu kumi iliyobaki ni ya utepe, tepu na majani.