Shiraz Haikuteketezwa: Dhana Potofu kuhusu Wamongolia na Mkoa wa Fars

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la Wamongolia katika historia ya Uajemi, mkono hunyooshwa na swali huwa lilelile: si ndio hao walioiteketeza Shiraz, mabwana wake wakapanda majahazi na kuja pwani yetu wakaitwa Washirazi? Nimelijibu swali hili darasani, ukumbini na hata msibani, na sasa nalijibu kwa maandishi. Wamongolia hawakuiteketeza Shiraz, na wakubwa wake hawakukimbia.

Yaliyozipata Merv na Nishapur mwaka 1221 ni kweli, na yalitisha. Lakini miji hiyo ilikuwa ya Khurasan, kaskazini-mashariki, ilhali Fars, mkoa wenye Shiraz, iko kusini, na kosa la wengi ni kulichukua janga la mkoa mmoja wakaitandika nalo nchi nzima. Atabeki (cheo cha mtawala) Abu Bakr bin Sa'd wa ukoo wa Salghur, aliyeitawala Fars kuanzia 1226 hadi 1260, hakungoja kuvamiwa. Alimtuma nduguye kwa Khan Mkuu Ögedei, mtawala wa Wamongolia, akakubali kutoa dinari 30,000 kila mwaka, naye akarudishiwa utawala wake pamoja na lakabu ya Qutlugh Khan. Kwa mtu aliyevikamata pia visiwa vya Kish na Bahrain pamoja na ushuru wake, ile ilikuwa bei nafuu. Wasimamizi wa Kimongolia walipokuja aliwapangia makazi nje ya mji na kuwakimu mwenyewe, ili wasizoeane na raia wala wasijue mno mambo ya ndani.

Anayetaka ushahidi autazame mwaka 1258. Baghdad, mji wa khalifa, ilianguka mwaka huo mikononi mwa Hülegü, kiongozi wa Wamongolia katika Uajemi, na mwaka huohuo mshairi Saadi, akiwa Shiraz, alikikamilisha kitabu chake Gulistan na kumtunuku mwana wa atabeki. Saadi huyo alimwombolezea khalifa kwa mashairi, huku atabeki wake akipeleka pongezi kwa Hülegü. Wasomaji wangu huona aibu hapo, nami huwaambia waiache: atabeki alikuwa ananunua uhai wa mji, na mji ulibaki.

Hatari kubwa zaidi ilikuja baada ya kifo chake, nayo ilizaliwa ndani ya ukoo wenyewe. Saljuqshah, mmoja wa warithi, alimwoa Terken Khatun, mjane aliyekuwa ameshika utawala, kisha akiwa amelewa akaamuru akatwe kichwa. Wanahistoria wa zama zile wanasimulia kwamba alizing'oa lulu masikioni mwa kichwa kile akawatupia wapiga muziki. Baadaye aliwaua wasimamizi wa Kimongolia, na Hülegü akatuma jeshi. Jeshi lile halikuwa la Wamongolia peke yao, kwani ndani yake walikuwamo askari wa Kirman na wa Yazd, majirani wa Fars, na atabeki wa Yazd, kaka yake Terken, alikuwa na kisasi chake mwenyewe. Saljuqshah alikimbilia kwenye kaburi la Sheikh Abu Ishaq huko Kazerun, akatolewa na kuuawa. Watu wa Shiraz hawakuchinjwa. Ukilisimulia tukio hili kama vita vya Wamongolia dhidi ya Waajemi, hutaelewa hata nusu yake.

Nyongeza kwa wanaosema kwamba Wamongolia waliwaondoa „watawala wa Kiajemi": ukoo wa Salghur ulikuwa na asili ya Kiturukimeni. Waajemi wenyewe walikuwa makadhi, masharifu, makatibu na wafanyabiashara, na hao ndio walioendelea kushika madaftari ya kodi, kwa sababu Wamongolia hawakuwa na mtu mwingine wa kuyashika. Walishitakiana mbele ya ordo, yaani kambi ya mtawala wa Kimongolia, na kuporana zabuni za ukusanyaji wa kodi, na wapo waliolipa kwa vichwa vyao. Mzigo wa kodi ulikuwa mzito, na raia ndiye aliyeubeba, lakini mkono uliomdai mara nyingi ulikuwa wa jirani yake.

Wapo pia wanaodai kwamba Uislamu ulipigwa marufuku hadi Ghazan, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, aliposilimu mwaka 1295. Si kweli. Hutuba za Ijumaa ziliendelea Shiraz, na kwa miaka kadhaa jina lililotajwa humo lilikuwa la mwanamke, Abish Khatun, binti ya Terken, aliyetawazwa akiwa bado mtoto na kuozwa kwa mwana wa Hülegü. Hilo linawajibu pia wanaodhani kwamba wanawake hawakuwa na sauti. Kirman nayo ilitawaliwa na Padishah Khatun, ambaye alitunga mashairi na pia aliamuru kaka yake auawe.

Kuhusu Washirazi wetu, ushauri wangu ni uleule ninaowachosha nao wanafunzi: uliza mwaka kwanza. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao mapokeo yanauhusisha na Washirazi, yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wamongolia waliingia Uajemi zaidi ya miaka mia moja baadaye.