Ukanda wa Fresnel si upana wa mwale

"Weka dishi kubwa, mwale utakuwa mwembamba na Fresnel itapungua." Mafundi wa linki za mbali, yaani njia za redio zinazounganisha minara miwili, huambizana hivyo kana kwamba jambo limeshathibitishwa na kufungwa. Nimeisikia mara nyingi, na safari hii sitainyamazia. Nusu ya kwanza ni kweli: dishi kubwa hubana mwale, yaani mawimbi yanayotawanyika kutoka kwenye antena. Nusu ya pili si kweli hata kidogo, na mtoa huduma anayeiamini hununua madishi pale alipohitaji kuongeza vipande vya mnara.

Maana ya ukanda wa Fresnel ni fupi. Vuta mstari mnyoofu kutoka antena moja hadi nyingine. Mawimbi hayapiti kwenye mstari huo peke yake. Mengine hupita kandokando yakafika yamezunguka kidogo. Ukanda wa kwanza wa Fresnel ni nafasi yote, juu, chini na pembeni, ambamo mzunguko huo hauongezi njia kwa zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi. Yanayopita humo hufika yakisaidiana. Yanayopita nje kidogo, kwenye ukanda wa pili, hufika yakipingana nayo. Umbo lake ni kama mpira wa raga uliovutwa: nene katikati, nyembamba kwenye antena zote mbili. Ukitaka unene wa katikati, chukua umbali katika kilomita, ugawanye kwa masafa ya redio (frequency) katika gigahezi (GHz), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 8.66. Jibu ni nusu kipenyo kwa mita. Linki ya kilomita 10 kwenye 5.8 GHz inatoa mita 11.4 hivi, kwenye 2.4 GHz, mita 17.7. Desturi ya kazi ni kuacha wazi angalau asilimia 60 ya hizo, yaani karibu mita 7 kwa mfano wa kwanza.

Hapo ndipo "nimepanda mnarani nikaona mnara wa pili" inapokosa uzito. Jicho linatumia mawimbi mafupi mno, kwa hiyo ukanda wake ni mwembamba kiasi cha kutohesabika. Unaweza kuuona mnara wa pili vizuri kabisa juu ya ukingo wa kilima huku redio ikiwa imekatwa nusu.

Sasa tulitazame jina, kwa sababu likieleweka, kosa la mwale linajiondokea lenyewe. Linatamkwa "Frenel", ile s haisikiki. Augustin-Jean Fresnel alizaliwa Ufaransa mwaka 1788, akasomea uhandisi wa barabara na madaraja. Mwaka 1815 Napoleon aliporudi madarakani, Fresnel alijiunga na waliompinga, akasimamishwa kazi, na muda aliopata akautumia kuchunguza mwanga. Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: kwa nini kivuli hakina ukingo mkali, bali kina michirizi ya mwanga na giza pembeni? Jibu lake lilikuwa kwamba mwanga ni mawimbi, na ili kujua kinachofika mahali fulani ni lazima ujumlishe michango ya njia zote, si ile iliyonyooka tu. Ili ajumlishe, aliigawa nafasi katika kanda, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa nusu ya urefu wa wimbi.

Aliwasilisha kazi hiyo mwaka 1818 kwenye shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris. Mmoja wa waamuzi, mwanahisabati Poisson, hakukubali habari za mawimbi. Akapiga hesabu za Fresnel mpaka mwisho, akatoa tokeo alilodhani litamwaibisha: nyuma ya kisahani cha duara, katikati kabisa ya kivuli, panapaswa kuwa na nukta angavu. Mwamuzi mwenzake, Arago, akajaribu. Nukta ikaonekana. Tuzo ikaenda kwa Fresnel mwaka 1819. Alifariki mwaka 1827, miaka sitini hivi kabla ya mwanafizikia Hertz kuonyesha mawimbi ya redio maabarani.

Angalia basi: katika hesabu ile hapakuwa na dishi, wala antena, wala upana wa mwale. Palikuwa na chanzo, mahali pa kupokea, kizuizi kati yao, na urefu wa wimbi. Ndivyo ilivyo hadi leo. Kanuni niliyoitoa hapo juu ina umbali na masafa tu. Ukubwa wa dishi hauna pa kuingilia.

Tuweke vipimo viwili kando kwa kando ili mtu asibaki na shaka. Dishi la sentimita 60 kwenye 5.8 GHz hutoa mwale wa takriban nyuzi 6. Ukifika katikati ya ile linki ya kilomita 10, mwale huo una upana wa zaidi ya mita 500. Ukanda wa Fresnel mahali hapohapo una kipenyo cha mita 23 hivi. Weka dishi la sentimita 120: mwale unashuka hadi kama mita 260, na ukanda unabaki mita 23 zilezile. Ili mwale ubanwe mpaka ukwepe paa la jengo lililo katikati ya njia, ungehitaji dishi ambalo hakuna mnara wa kawaida ungelibeba. Na hata ungelipata, hakuna kilichobadilika kwenye njia ya mawimbi yenyewe.

Mbona basi imani hii haifi? Kwa sababu dishi kubwa hutoa matokeo yanayofanana na uponyaji. Ukingo wa kizuizi ukigusa mstari wa katikati tu, bila kuukata, signali hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya signali), yaani inabaki robo. Dishi lenye kipenyo maradufu huongeza desibeli 6 hivi. Fundi anabadilisha upande mmoja, anasoma namba kwenye redio, anakuta ndiyo ileile aliyoitarajia kwenye njia iliyo wazi. Anatangaza kwamba Fresnel imepungua. Namba hazimdanganyi, tafsiri yake ndiyo yenye kasoro. Kizuizi kipo palepale na hasara yake ipo palepale, ila imefunikwa na akiba ambayo ingetumika siku signali inapoyumba.

Na itayumba. Hewa hupinda mawimbi, na kiasi cha kupinda hubadilika kwa saa na kwa msimu. Mpangaji hukadiria kama dunia ina nusu kipenyo kikubwa kwa theluthi moja kuliko kilivyo. Kwa kadirio hilo, linki ya kilomita 30 ina nundu ya ardhi, itokanayo na mviringo wa dunia, ya mita 13 hivi katikati. Hewa ikigeuka vibaya, nundu hiyo kwa macho ya redio inaweza kuwa mita 26. Ukingo uliokuwa ukigusa mstari sasa umeukata, na desibeli 6 zimekuwa nyingi zaidi. Kama kizuizi ni miti, ongeza kwamba miti hukua, na majani yaliyolowa hunywa signali kuliko makavu. Linki za namna hii huwa nzuri siku ya kukabidhiwa kazi, halafu hukatika usiku, na kila mtu analaumu redio.

Kuna wanaoruka upande wa pili na kusema: pandisha mnara kadiri unavyoweza. Kwenye nchi kavu, ushauri huo mara nyingi ni salama. Juu ya maji au uwanda laini, la. Wimbi linaloakisiwa na maji kwa pembe ndogo hugeuzwa kinyume. Likiwa limeakisiwa kwenye ukingo wa ukanda wa kwanza, kule kuchelewa kwa nusu ya wimbi hulirudisha sawa, likasaidia. Ukipandisha antena mpaka mwakisiko uangukie ukingo wa ukanda wa pili, linafika kinyume na kuifuta signali uliyoitaka. Kuna linki za ziwani ambazo dawa yake ilikuwa kushusha antena moja, jambo linalomkera sana mtu aliyelipia mnara.

Ukaribu na antena nao una hesabu yake. Kwenye ile linki ya kilomita 10, ukingo wa paa lililo mita 100 kutoka mnarani unahitaji ukanda wa mita 2.3 tu, na asilimia 60 yake ni kama mita moja na nusu. Kitu kilekile kikiwa katikati ya njia kingekuwa balaa. Lakini tupime na pembeni pia. Ukuta ulio ubavuni hula ukanda sawasawa na paa lililo chini.

Kwa hiyo mwenzangu uliyebadilisha dishi, kazi yako haikuwa bure. Dishi jipya limeongeza signali, na pia limepunguza makelele ya redio za jirani, jambo ambalo mwale mwembamba hulifanya vizuri kweli. Andika hivyo kwenye ripoti. Ukitaka kuandika kwamba ukanda wa Fresnel umepungua, ongeza masafa, au igawe njia kwa kituo cha katikati: kilomita 10 zikiwa mbili za kilomita 5, mita 11.4 zinashuka hadi 8. Mnara mrefu nao hauupunguzi ukanda, unaunyanyua tu.